Sura ya marehemu kwenye kadre: uhakiki wa foto zetu za kilio

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya majina ya mapacha, juu ya ngoma na methali za wazee. Leo naomba ruhusa ya kuandika juu ya kitu ambacho wengine watasema si cha asili: foto. Lakini ninauliza. Kitu ambacho wakoko zetu walikikuta, wazazi wetu wakakitumia kwenye ndoa, kwenye ubatizo na kwenye kilio, na leo hatuwezi kumzika mtu mzima bila hicho, tutakiita kigeni mpaka lini? Hapa Kamanyola kadre ya marehemu inatembea mbele ya sanduku. Mjukuu njo anaibeba, kifuani, kwa mikono miwili, na watu wote njiani wanaangalia kwanza kadre, halafu sanduku. Desturi hiyo iko na sheria zake, hata kama hakuna mzee aliyekaa chini kuziandika. Na kitu chenye sheria kinaweza kufanywa vizuri ao vibaya. Njo maana ninathubutu kukifanyia uhakiki.

Nianze na jambo lililonitokea. Mwaka 2023 tulimzika mjomba wangu. Siku ya pili ya kilio, vijana wakaleta kadre kutoka kwa fotografe, kubwa, ya kung'aa, na maua ya zambarau pembeni. Mama mukubwa, dada yake wa tumbo moja, alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wamama wengine. Wakamuwekea ile kadre mbele yake. Akaangalia. Akauliza: «Huyu ni nani?»

Mtoto mmoja akajibu: «Ni mjomba, koko.»

«Hapana. Huyu ni muzungu mwenye amevaa shati ya mudogo wangu.»

Watu wakacheka, maana kwenye kilio watu wanatafuta pa kucheka. Lakini mama mukubwa hakucheka. Alifunika uso na kitenge akaanza kulia upya, kilio kingine kabisa, kama vile ndugu yake alikuwa amekufa mara ya pili. Nilipoangalia ile foto vizuri nikaona ana haki. Mjomba alikuwa mweusi, mweusi wa kweli, na ukoo mzima ulijivunia weusi ule. Kwenye kadre alikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu aliloachiwa na jembe la mwenzake akiwa kijana kwenye mashamba ya mpunga, kovu hakuna. Alikuwa na mwanya, ule mwanya ambao wasichana wa wakati wake waliuimba, mwanya umezibwa. Macho yalikuwa meupe sawa karatasi. Ngozi haikuwa na kunyanzi hata moja, na mjomba alikufa akiwa na zaidi ya miaka sabini.

Fotografe hakuwa na nia mbaya. Alifanya kazi usiku, umeme ukikatika na kurudi, familia ikimpigia telefone kila nusu saa. Alitaka kumpa marehemu heshima. Sitaki kumtukana mtu. Ninataka kuuliza: heshima ya marehemu kwenye foto iko wapi? Iko katika kumpendeza anayeangalia, ao katika kumrudisha yule aliyeondoka?

Mbele ya kuendelea niseme wazi kwamba mimi si adui wa retushi. Wanaosema foto ya kweli ni ile isiyoguswa hawajui historia ya kazi hii. Foto imekuwa ikiguswa tangu karibu ilipozaliwa. Mwaka 1855, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha watu namna negativu inavyoweza kurekebishwa, na tangu hapo studio za Ulaya ziliajiri watu ambao kazi yao ilikuwa kukaa na penseli iliyochongwa sana na kujaza mashimo ya ngozi moja moja juu ya kioo. Baadaye wakaja wale wa kupaka rangi kwa mkono juu ya foto nyeusi na nyeupe: shavu kidogo, mdomo kidogo, gauni ya buluu. Kompyuta ilipokuja, na Photoshop ilipotoka mwaka 1990, kilichobadilika zaidi ni mwendo. Kazi ya siku mbili ikawa kazi ya dakika mbili, na mtu anayemaliza kwa dakika mbili hana nafasi ya kujiuliza.

Upande wetu huu wa Afrika nao uko na mabwana wake. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, studio ya Parekh ilianza katika miaka ya 1940, na foto zake ziko na taa zilizopangwa kama za sinema: mwanga unatoka upande mmoja, upande mwingine wa uso unabaki ndani ya kivuli laini, na mama wa Mombasa anaonekana kama malkia bila mtu kumgusa rangi ya ngozi. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye alikata na kuunganisha foto kwa mikasi na mikono yake, akamtia mtu ndani ya ua ao ndani ya kiganja cha mkono. Bakor alidanganya wazi, mbele ya macho yako, na wewe ulijua kwamba huo ni mchezo wa fundi. Kule Kinshasa Jean Depara alipiga foto za vijana wa baa na za usiku. Na mbali zaidi, Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 akawa anapiga watu uani, mara nyingi kwa mwanga wa jua, mbele ya kitambaa kilichotundikwa ukutani. Mara nyingi alipiga foto moja tu kwa mtu mmoja, kwa sababu filme ilikuwa ghali. Moja tu! Sisi leo tunapiga mia moja na hatupati hata moja ya kuweka kwenye kadre.

Ninamtaja Keïta kwa sababu yeye anatupa somo ambalo fotografe wetu wengi wamelisahau: retushi ya kwanza inafanyika mbele ya kubonyeza. Inafanyika na miguu. Unamwambia mzee: papa, tafazali, sogea hapa kidogo, geuza uso huku.

Ndugu msomaji anajua jua la Kamanyola. Sisi tuko chini, kwenye bonde la Ruzizi. Ukishuka kutoka Bukavu kwa milima ya Ngomo unasikia masikio yanaziba, halafu joto linakupokea. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa kabisa. Paji la uso linawaka, macho yanaingia ndani ya mashimo mawili meusi, na chini ya pua kunatokea kivuli kama sharubu, hata kwa mama. Na saa hiyo njo sisi tunapiga foto, kwa sababu misa imeisha, watu wamevaa, kila mtu anataka kula. Kuna dawa isiyohitaji franka moja. Umwingize mtu chini ya baraza, hatua moja ao mbili ndani, uso wake uangalie nje. Pale mwanga unamfikia kutoka mbele na kutoka chini kidogo, kwa sababu ardhi inaurudisha. Ni mwanga laini. Ukiona doa dogo la mwanga ndani ya macho ya mtu, ujue umempata. Macho bila doa lile yanaonekana ya mtu aliyechoka na dunia. Kama upande mmoja wa uso uko mweusi sana, mtu ashike kitambaa cheupe karibu, hata shuka la kitanda, nje ya foto. Kitambaa kile kitafanya kazi ambayo ordinateri itajaribu kuifanya baadaye na kushindwa.

Mwanga unaorudishwa unabeba rangi ya kitu kilichourudisha. Hilo watu wanalisahau. Ukimpiga mtu chini ya turubai ya buluu, zile tunazozijua sana huku kwetu, sura yake itakuwa na ugonjwa. Ukimweka karibu na ukuta uliopakwa kijani, shavu moja litakuwa kijani. Foto ya mjomba, ile ya mwanzo iliyotoka kwenye telefone, ilipigwa kwenye ndoa chini ya turubai. Mjomba alionekana wa majivu. Fotografe aliona ile rangi mbaya akafikiri ubaya ni weusi. Basi akaongeza mwanga, akaongeza tena, mpaka weusi ukaondoka pamoja na mwenyewe. Kumbe kilichohitaji kuondolewa ni buluu ya turubai tu.

Hapa tunafika kwenye kiini cha neno, na naomba msomaji anivumilie kidogo kwa mambo ya ufundi.

Aparei haina macho, iko na hesabu. Inapima mwanga wote unaoingia, halafu inafanya kana kwamba dunia yote ni ya kijivujivu cha katikati, kile ambacho mafundi wanakihesabu kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Mweke mtu mweusi, amevaa shati nyeupe, mbele ya ukuta mweupe wa kanisa. Aparei inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza. Ukuta unakuwa kijivu kizuri, na uso wa mtu unakuwa shimo. Halafu tunasema: «Huyu mweusi sana, hatoki vizuri kwenye foto.» Si yeye. Ni ukuta. Mtoe mbele ya ukuta, mweke mbele ya mlango ulio wazi ao miti iliyo mbali, uone kama hatatoka. Ao umwambie aparei iongeze kidogo. Kinyume chake nacho kipo: ukipima uso mweusi peke yake, aparei itataka kuufanya kijivu, itaongeza mwanga kupita kiasi, na hapo ni wewe wa kupunguza. Fundi anajua lini kuongeza na lini kupunguza. Telefone haijui, inabahatisha.

Na hesabu hizo nazo hazikuandikwa na malaika. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilituma kwa maabara kadi ya kupimia rangi yenye foto ya mwanamke mzungu. Kadi zile waliziita Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Kama Shirley ametoka vizuri, mashine iko sawa. Watu weusi waliotoka kama kivuli chenye meno, hiyo haikuwa shida ya mashine. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, ambaye aliandika juu ya jambo hili mwaka 2009, alionyesha kwamba filme ilianza kurekebishwa kwa nguvu wakati watengenezaji wa shokola na wa samani za mbao walipolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye foto. Soma tena, ndugu: shokola na makabati. Watoto weusi waliopigwa pamoja na watoto weupe kwenye foto za shule hawakutosha kuwashitua. Ni juzi tu, mwaka 2021, kampuni ya Google ilitoa telefone ambayo ilitangaza kwamba imefundishwa kuonyesha ngozi nyeusi kwa haki. Basi wakati fotografe wa Kamanyola anavuta mshale wa mwanga kwenda kuume, anafuata njia iliyochimbwa zamani na watu ambao hawakumfikiria kabisa.

Lakini tusiwatupie wazungu kila kitu. Kuna mkono wetu pia. Mafuta ya kuchubua ngozi yanauzwa soko kwa soko kutoka Uvira mpaka Bukavu, na hakuna anayelazimishwa kuyanunua. Nimesimama mara nyingi nyuma ya mabega ya vijana wa fotokopi na kuwaona wakifanya kazi. Mteja mwenyewe anasema: «Nifanye nitoke clair kidogo.» Kijana anatii. Mteja ni mfalme, na akiwa hai anaweza kujitetea: kesho akijiona kwenye kadre akajisahau, ni shauri yake. Marehemu yeye hawezi kusema «rudisha». Hapo ninaona tofauti kubwa, na ninashangaa kwamba hatuizungumzi. Foto ya ndoa ni ya wenyewe. Foto ya kilio ni ya wale watakaozaliwa.

Niseme basi kwa ukali kidogo kile ninachokiona kwenye kadre zetu. Kwanza ule ukungu wa ngozi. Kuna kitufe kinachofuta kila tundu na kila kunyanzi, na vijana wanakipenda kwa sababu kinafanya kazi mara moja. Matokeo ni uso wa sahani. Ngozi nyeusi uzuri wake uko kwenye mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, pale mwanga unakaa na kuonyesha kwamba chini kuna mfupa. Ukifuta mng'ao umefuta mfupa. Fundi mzuri anapunguza mng'ao wa jasho, kidogo, na kuuacha ule wa umbo. Halafu kuna macho yaliyopakwa chokaa. Jicho la mzee wa bonde letu, aliyekula vumbi na moshi miaka sitini, haliwi jeupe. Lina manjano kidogo, lina mishipa. Ukilifanya jeupe kama la mtoto unamtia uwazimu. Sinyamazi pia juu ya nyuma ya foto: maporomoko ya maji, maghorofa ya Dubai, ngazi za jumba la kifalme. Nimemuona mama mmoja muuza mihogo, aliyeheshimiwa na soko zima, amesimamishwa katika kifo mbele ya gari la michezo jekundu. Walio nyuma ya Bakor wa Lamu wamesahau kwamba mchezo unahitaji mcheza ambaye amekubali.

Kostimu ni mambo mengine. Msomaji anajua kwamba kwa watu wengi foto moja tu wanayoiacha duniani ni ile ya karte ya mchaguzi, kwa sababu karte ile njo kitambulisho chetu. Mtu akifa, familia inapeleka karte kwa fotografe. Ni kipande kidogo kuliko kidole gumba, hakina rangi, mara nyingi kimefifia mfukoni. Fotografe anakipiga tena, anakikuza, na kwa sababu chini ya shingo hakuna kitu, anachukua kichwa anakiweka juu ya kostimu ya mtu mwingine. Mimi siwezi kulaani hilo moja kwa moja. Mzee aliyekosa kostimu maisha yote, wanawe wanataka kumvalisha. Wazee wetu nao waliazima: koti lilizunguka kartie nzima siku ya foto, na radio ya jirani iliwekwa juu ya meza. Kuazima koti ni desturi ya foto tangu mwanzo. Ninachokataa ni shingo. Kichwa cha mkulima juu ya shingo nyeupe ya mfanyakazi wa benki ya Ulaya! Halafu, ili vifanane, wanafanya nini? Hawapunguzi shingo. Wanachubua kichwa.

Na sasa kuna jambo jipya, la kutisha zaidi kwa sababu ni zuri sana. Programu za telefone zinazorudisha foto za zamani. Unaitia ile ya karte, kipande chenye ukungu, na baada ya sekunde chache inakupa uso mkali wenye kope moja moja. Watu wanalia kwa furaha. Lakini tujiulize zile kope zimetoka wapi. Kwenye karte hazikuwepo. Programu haikumuona baba yako hata siku moja. Imeangalia mamilioni ya sura za watu wengine, ikakisia, na makisio yake yanaelekea upande wa sura ilizoziona zaidi. Pua inakuwa nyembamba kidogo. Mdomo unapungua kidogo. Anakuwa mtu mzuri, ndugu wa mbali wa baba yako, ambaye hakuzaliwa. Mjukuu wa miaka mitatu atakua akijua sura ile, na siku moja atakutana na shangazi mwenye pua ya kweli ya ukoo akamwambia hafanani na familia.

Sisi wa Kamanyola tulipaswa kuwa wajanja kuliko wengine katika jambo hili, kwa sababu jina la mji wetu wenyewe lilipita kwenye retushi. Mwezi wa sita 1964 kulikuwa na vita huku dhidi ya waasi wa Soumialot, na Mobutu, mkubwa wa jeshi wakati ule, alifika kwenye mapigano. Nyuma ya hapo jambo lile lilikuzwa, likasafishwa, likawekwa kwenye kadre. Kukawa na divisheni ya jeshi ya Kamanyola, kukawa na boti ya rais ya Kamanyola, kukawa na stade ya Kamanyola kule Kinshasa mpaka ilipopewa jina la Martyrs mwaka 1997. Na kila jioni televisheni ilionyesha sura ya mwenyewe ikishuka kutoka mawinguni, bila jasho, bila kivuli. Watoto wa miaka ile kwingine nchini walijua Kamanyola kama daraja la mbinguni. Sisi tulijua vumbi, mihogo na joto. Tunajua basi ni nini kuonekana kwenye foto ambayo si sisi.

Mwezi wa pili 2025 vita ilifika tena hapa, na watu wengi wa bonde walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Wengine walivuka na maji kifuani. Mtu akikimbia hivyo anachukua mtoto, sufuria, karte. Kadre haichukuliki, kioo kinavunjika, mbao inazama. Telefone zilipotea, zilizama, ziliuzwa kwa kununua chakula. Nimewauliza baadhi ya wale waliorudi na wale waliobaki upande ule: foto za wazee wenu ziko wapi? Wengi walinijibu kwa kufungua mikono. Familia nyingine imebaki na foto moja, na foto hiyo moja ni ile iliyochubuliwa. Negativu haipo. Foto ya mwanzo iko kwenye telefone iliyo chini ya mto. Kwa hiyo ule mshale uliovutwa kwenda kuume usiku mmoja wa haraka, njo umekuwa sura ya mzee kwa vizazi vyote vijavyo. Mwenye kuniambia kwamba ninafanya kelele kwa jambo dogo, anijibu kwanza hapo.

Kwa fotografe wanaosoma hapa, ninaomba jambo moja tu la kazi: msifute foto ya mwanzo. Tieni mikono kwenye nakala. Na mkipokea foto ya marehemu, muiteni mtu mmoja mzima wa familia, si kijana aliyetumwa na pesa, akae pembeni yenu dakika kumi. Atawaambia kovu ni la nini.

Sisi tulifanya hivyo, lakini kwa kuchelewa. Kadre ile ya kwanza ilitembea mbele ya sanduku, hatukuwa na nyingine. Wakati wa kuondoa matanga ulipokaribia, nilienda kwa kijana mwingine, mwenye ordinateri ya zamani na kibanda kisichozidi mita mbili. Nilimpelekea foto ile ya ndoa jinsi ilivyotoka kwenye telefone, na nikaenda na mama mukubwa. Kijana alimpa kiti. Alianza na rangi: alitafuta kitu cheupe ndani ya foto, kola ya shati, akaondoa buluu mpaka kola ikawa kola. Mara moja mjomba akatoka kwenye majivu, akarudi kwenye weusi wake wa kahawia iliyoiva. Halafu akaongeza mwanga pole pole kwenye mashimo ya macho tu, na burashi hafifu, akirudia rudia, kama mtu anayepaka mafuta mtoto. Shavu la kulia alilifungua kidogo. Paji la uso hakuligusa. Nyuma kulikuwa na miguu ya viti na mtu anayekula. Akaitia giza, hakuweka maporomoko.

Alipofika kwenye kovu akasimama, akageuka. «Mama, hii tuitoe?»

«Ukiitoa nitajuaje kama ni yeye?»

Akaiacha. Alituonya pia kwamba kwenye karatasi itatoka na giza kuliko kwenye kioo cha ordinateri, kwa sababu kioo kinawaka chenyewe na karatasi haiwaki, kwa hiyo akaprinti kwanza kipande kidogo cha kujaribu, akaongeza nusu ya nusu, halafu akaprinti ya kadre. Kazi yote haikumaliza nusu saa.

Siku ya kuondoa matanga kadre mpya iliwekwa juu ya meza, karibu na ndoo ya kasiksi. Mama mukubwa alikuja na kiti chake akakaa mbele yake, karibu sana, kama mtu anayetaka kusema siri. Aliiangalia muda mrefu. Tukawa tunangoja kilio. Halafu tukamsikia anaisemesha, kwa sauti ya kugombana, ile sauti aliyokuwa akimpigia akiwa hai:

«Na ile deni yangu ya ndagala, uliiacha kwa nani?»